Kubadili ukubwa wa umbo bila kuliharibu: jibu kwa mchoraji wa nembo

Ndugu muulizaji,

Umeandika kwamba umechora nembo kwa programu ya Inkscape: duara la nusukipenyo cha milimita 30 lenye ukingo wa unene wa milimita 3, ndani yake mstatili wa milimita 30 kwa 12 ambao pembe zake zimeviringwa kwa milimita 3, na chini ya mstatili huo maneno mawili yenye ukubwa wa pointi 14. Sasa unaihitaji nembo hiyohiyo katika saizi mbili nyingine, ya milimita 15 kwa karatasi za barua na ya milimita 240 kwa bango, lakini kila ukiivuta kuna kinachoharibika. Ikipunguzwa, ukingo wa duara unabaki mnene hadi unameza vilivyomo ndani. Ikikuzwa, ukingo huohuo unaonekana mwembamba kupita kiasi. Pembe za mstatili zinabadilika sura. Na zaidi ya hayo, duara ulilolichora kwa kipenyo cha 60 linaonyeshwa na programu kuwa lina upana wa 63, na ukiandika 60 kwa nguvu linasinyaa na kuacha mistari ya mwongozo uliyoiweka. Unauliza kama programu ina hitilafu, na kama haina, ni utaratibu gani wa kufuata.

Programu haina hitilafu. Inatii maagizo, ila baadhi ya maagizo hayo umekuwa ukiyatoa pasipo kujua, kupitia vitufe vinne vidogo na mpangilio mmoja uliofichwa mbali kidogo na macho. Kabla ya kuvieleza, ni lazima kwanza tukubaliane juu ya kile unachokishika unapobofya umbo, kwa kuwa matatizo yako yote matano yanatoka hapo.

Unachokiona kwenye skrini kinafanana na wino uliokwisha kukauka, lakini ndani ya faili hakuna wino. Inkscape huhifadhi kazi katika muundo wa SVG, ambao shirika la W3C liliupitisha rasmi mwaka 2001, na katika muundo huo duara lako ni namba chache tu: mahali kitovu kilipo, urefu wa nusukipenyo, unene wa ukingo, rangi ya ukingo na rangi ya ndani. Mstatili nao ni upana, kimo, mahali pembe ya kwanza inapoanzia, na kiasi ambacho pembe zimeviringwa. Maneno ni herufi zenyewe, jina la fonti na ukubwa wake. Kwa hiyo unapovuta kishale cha pembeni hunyooshi kitu. Unaiambia programu izidishe namba. Swali linalobaki ni namba zipi zizidishwe na zipi ziachwe kama zilivyo, na hilo ndilo swali ambalo programu haiwezi kukujibia, kwa sababu majibu yote mawili ni sahihi kutegemea kazi.

Tuangalie ukingo wa duara lako. Katika nembo ya asili unene wake ni milimita 3 kwa kipenyo cha 60, yaani sehemu moja ya ishirini, na jicho lako limeshauzoea uwiano huo na kuuona kuwa ndiyo sura ya nembo. Ukipunguza duara hadi 15 huku unene ukibaki 3, uwiano unakuwa moja ya tano, na nafasi iliyobaki katikati ni milimita 12 tu badala ya 14.25 ambazo ungezipata kama unene nao ungepungua hadi 0.75. Upande wa bango, duara la 240 lenye ukingo uleule wa 3 lina uwiano wa moja ya themanini, ilhali lilistahili ukingo wa milimita 12. Hapo hakuna kilichoharibika kihesabu: programu imezidisha nusukipenyo na kuuacha unene, kama ilivyoagizwa.

Agizo hilo lipo kwenye upau ulio juu ya karatasi, upande wa mwisho, unapokuwa umeshika zana ya kuchagulia, ile ya mshale mweusi. Utaona vitufe vinne vilivyopangwa pamoja. Cha kwanza kikiwa kimebonyezwa, unene wa ukingo huzidishwa pamoja na umbo. Cha pili kinafanya vivyo hivyo kwa viringo la pembe za mstatili. Cha tatu ni kwa rangi za mpito, zile zinazofifia kutoka rangi moja kwenda nyingine. Na cha nne ni kwa ruwaza zinazojaza umbo. Kwa nembo, vyote vinne vibonyezwe. Jambo linalowasumbua wengi ni kwamba programu huikumbuka hali ya vitufe hivi hata baada ya kufungwa, hivyo mtu aliyekizima kimoja kwa kazi ya wiki iliyopita anashangaa leo kuona mkono uleule na kishale kilekile vikitoa matokeo tofauti. Katika programu nyingine za kuchorea, Illustrator ina chaguo la namna hiyo katika mapendeleo yake, na CorelDRAW huliweka katika kidirisha cha ukingo, tena kwa kila umbo peke yake. Kwa hiyo ukihamia huko, litafute kabla hujavuta chochote.

Nisingependa uelewe kwamba kitufe cha kwanza kibaki kimebonyezwa siku zote. Kuna kazi ambazo unene wa mstari una maana yake yenyewe, na hapo kuuzidisha ni kosa. Katika ramani ya nyumba, ukuta huchorwa kwa mstari mnene na samani kwa mstari mwembamba, na mtu anayeongeza upana wa meza hataki mstari wa meza ufanane na wa ukuta. Vivyo hivyo kwa seti ya alama ndogo za programu ya simu: zote zinapaswa kuwa na unene mmoja hata kama moja imekuzwa kidogo ili ijaze nafasi yake. Kipimo changu ni hiki: ikiwa umbo linabadilishwa ukubwa likiwa kazi nzima inayojitegemea, ukingo ufuate, ikiwa linabadilishwa likiwa sehemu ya mchoro mkubwa ambao mistari yake imepangiwa madaraja, ukingo ubaki.

Pembe za mstatili zinaeleweka sasa, ingawa zina mkasa wao. Ukiupunguza mstatili wako hadi robo, unapata milimita 7.5 kwa 3. Ikiwa kitufe cha pili kimezimwa, viringo la pembe linabaki milimita 3, lakini kimo kizima cha mstatili sasa ni 3, na viringo haliwezi kuzidi nusu ya kimo, ambayo ni 1.5. Programu inalazimika kulikata, pande fupi zinapoteza sehemu yote iliyonyooka, na unachokipata kinaelekea kufanana na kidonge kuliko mstatili. Tena si lazima pembe ziharibike kwa kupunguza tu. Ukiwa umekiwasha kitufe hicho na ukavuta mstatili upande mmoja pekee, kwa mfano kuuongezea upana bila kugusa kimo, viringo nalo litanyooshwa upande huohuo, na pembe iliyokuwa robo ya duara itakuwa robo ya yai.

Dawa ya hali hiyo ya pili ni kuacha kabisa zana ya kuchagulia na kushika zana ya mstatili. Ukibofya mstatili ukiwa na zana hiyo, vishale vinane vinatoweka na badala yake unapata vishikio viwili vya mraba katika pembe mbili zinazotazamana, pamoja na kimoja cha mviringo kinachoongoza viringo la pembe. Ukivuta vile vya mraba unabadilisha namba za upana na kimo peke yake, na viringo haliguswi. Faida nyingine, na kwangu hii ndiyo kubwa, inaonekana kwa mstatili uliozungushwa. Jaribu kuuzungusha mstatili kwa nyuzi 30 kisha uuvute kwa zana ya kuchagulia: kwa kuwa zana hiyo hunyoosha kwa kufuata mlalo na wima wa karatasi, pembe mraba zinavunjika na mstatili unakuwa msambamba uliolala. Ukiuvuta kwa vishikio vyake vyenyewe, hurefuka kwa kufuata mwelekeo wake na pembe zinabaki nyuzi 90.

Sasa tuje kwenye 63. Ukingo huchorwa ukiwa umeukalia mstari wa umbo katikati, nusu ya unene nje na nusu ndani. Duara lako lina nusukipenyo cha 30, lakini wino wake unavuka nje kwa milimita 1.5 kila upande, na ndiyo maana upana unaoonekana ni 63. Inkscape inakupa uhuru wa kuchagua ni fremu ipi itumike kupimia: ile inayoonekana, yenye kuhesabu ukingo, au ile ya kijiometri, inayohesabu mstari wa umbo peke yake. Kwa kawaida imewekwa kwenye inayoonekana. Ukiandika 60 katika hali hiyo huku kitufe cha ukingo kimezimwa, programu hutafuta duara ambalo pamoja na ukingo wa 3 litafika 60, na jibu ni kipenyo cha 57. Kitufe kikiwa kimewashwa, inazidisha kila kitu kwa 60 gawanya kwa 63, na unapata kipenyo cha takriban 57.14 na ukingo wa takriban 2.86, ambavyo vikijumlishwa hurudi kuwa 60. Miongozo yako uliiweka kwa kufuata mstari wa umbo, hivyo duara halikuwa na budi kuiacha.

Mpangilio huo unaubadilisha katika mapendeleo ya programu, sehemu ya zana. Nakushauri uchague fremu ya kijiometri unapochora kitu kitakachokatwa kwa mashine, kwa kuwa kichwa cha mashine hufuata mstari wa umbo na hakijali umeupaka ukingo wa unene gani. Na uchague inayoonekana unapopanga vitu kwenye ukurasa, kwani msomaji wa ukurasa huona wino na si hesabu zako. Kwa nembo yako ningebaki na inayoonekana, na ningekubali kwamba saizi yake ni 63, si 60. Maana yake, ili ufike 15 kamili kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, usipunguze hadi asilimia 25, bali uandike 15 katika upana na kuiacha programu ihesabu.

Kuandika namba ndiyo tabia ninayoisisitiza kuliko zote. Kuvuta kwa kipanya kunafaa unapotafuta sura. Unapoijua saizi unayoitaka, kuvuta ni kujipa kazi ya kubahatisha. Chagua milimita kuwa kizio kwenye upau, funga kufuli dogo lililo kati ya upana na kimo ili uwiano usivunjike, kisha andika namba na ubonyeze Enter. Kisanduku hicho kinakubali hata hesabu, kwa hiyo unaweza kuandika 63*4 na kikakupa 252. Watumiaji wa LibreOffice Draw hufika mahali kama hapo kwa kubonyeza F4, ambapo kuna chaguo la kutunza uwiano na la kuamua ni sehemu gani ya umbo ibaki mahali pake.

Ukipenda kufanya kazi kwa asilimia, ukumbuke kwamba asilimia huzidisha, haijumlishi wala haitoi. Umbo lililopunguzwa kwa asilimia 20 likaongezwa kwa asilimia 20 halirudi lilipokuwa: 0.8 mara 1.2 ni 0.96, na ili lirudi unahitaji kulipeleka hadi asilimia 125. Vilevile, anayesema anataka umbo lenye ukubwa mara mbili mara nyingi huwa na maana ya eneo, wala si upana. Upana na kimo vikiongezwa maradufu eneo huwa mara nne. Eneo la maradufu hupatikana kwa kupeleka kila upande hadi takriban asilimia 141, na ndiyo namba ileile ambayo mashine za kunakili huitumia kutoka karatasi ya A4 kwenda A3.

Pale unapolazimika kuvuta kwa mkono, tambua kwamba daima kuna sehemu isiyosogea. Ukivuta kishale cha pembe ya juu kulia, pembe ya chini kushoto inabaki ilipo, na ndiyo sababu nembo huonekana kama imehama baada ya kupunguzwa. Katika Inkscape, kushikilia Ctrl wakati wa kuvuta hutunza uwiano, na kushikilia Shift hufanya umbo likue au lipungue kuzunguka kitovu chake. Ukishikilia vyote viwili unapata nembo iliyopungua sawasawa bila kuhama. Funguo hizi hazifanani kila mahali. Katika Illustrator na LibreOffice Draw, Shift ndiyo ya uwiano na Alt ndiyo ya kitovu, na katika CorelDRAW vishikio vya pembe hutunza uwiano vyenyewe huku Shift ikiwa ya kitovu. Zaidi ya hapo, ukibofya mara ya pili umbo ulilokwisha kulichagua katika Inkscape, vishale hubadilika kuwa vya kuzungushia na kulalisha. Anayedhani bado ni vya ukubwa atalivuta umbo na kuliona linalala upande. Ctrl+Z, kisha bofya tena ili vya kwanza virudi.

Mstatili, duara na maneno yako vipunguzwe vikiwa kundi moja, si kimoja kimoja. Vichague vyote, bonyeza Ctrl+G, na kuanzia hapo nafasi zilizo kati yao nazo zitazidishwa pamoja nao. Ukihitaji kurekebisha kimojawapo baadaye huna haja ya kulivunja kundi: shikilia Ctrl na ubofye kile unachokitaka, au bofya kundi mara mbili uingie ndani yake. Kuna nyakati ambapo unataka kinyume chake, mathalani una nukta nyingi zilizotawanyika na unataka kila moja ipungue palepale ilipo. Kwa hilo fungua kidirisha cha mageuzo kwa Ctrl+Shift+M na uweke alama kwenye chaguo la kutekeleza kwa kila umbo peke yake; bila alama hiyo, nukta zitapungua na kusogeleana.

Maneno yanahitaji uangalifu wa namna yake. Kuyakuza au kuyapunguza kwa uwiano hakuna madhara, kwa kuwa ni sawa na kubadili ukubwa wa fonti. Kuyavuta upande mmoja ili yajaze nafasi ni jambo ambalo, kwa maoni yangu, halina udhuru. Katika herufi kama H au E, nguzo za wima na mihimili ya mlalo vimepimwa na msanifu wa fonti ili vipatane machoni. Ukiongeza upana hadi asilimia 150, nguzo za wima zinanenepa kwa kiasi hichohicho na mihimili inabaki kama ilivyokuwa, na mtu asiyejua lolote kuhusu fonti atahisi kuna kasoro ingawa hataweza kuitaja. Nafasi ikiwa pana, ongeza nafasi kati ya herufi, au tafuta fonti ya familia hiyo iliyosanifiwa kuwa pana.

Yote haya yanahusu kubadili ukubwa wa umbo zima, lakini mara nyingi mtu huvuta umbo zima kumbe alichokihitaji ni kubadili sehemu yake. Chukua mshale uliochorwa kama umbo moja, una kichwa cha pembetatu na mkia. Ukiurefusha kwa zana ya kuchagulia, kichwa nacho kinarefuka na kuwa mkuki. Shika badala yake zana ya nodi, yaani nukta zinazouunda mstari wa umbo, kwa kubonyeza N, zungushia kwa kipanya nodi mbili za mwisho wa mkia, kisha uzivute huku umeshikilia Ctrl ili zisitoke kwenye mlalo. Mkia utarefuka, kichwa kitabaki. Ikiwa umbo ni mstatili au duara lililochorwa kwa zana yake, nodi hazitaonekana hadi uligeuze kuwa njia, yaani mstari unaoelezwa kwa nodi peke yake, kwa Ctrl+Shift+C, na hapo ujue unabadilishana: unapata nodi, unapoteza kile kishikio cha viringo na uwezo wa kuandika nusukipenyo. Ndiyo maana hatua hiyo huchelewa, na hufanywa kwenye nakala.

Huenda umejiuliza kwa nini mshale huo, au duara lako la milimita 240, hauonyeshi ngazi ngazi ukingoni kama inavyotokea kwa picha za kamera zikikuzwa. Mistari iliyopinda katika programu hizi huelezwa kwa mikunjo ya Bézier, iliyopewa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault, ingawa Paul de Casteljau wa Citroën alikwisha kuifikia hesabu yake mwaka 1959. Kila kipande cha mkunjo huongozwa na nukta nne, na ukizidisha namba za nukta hizo nne mkunjo wote hufuata kwa usahihi, bila kupoteza chochote. Programu huuchora upya kwa saizi mpya. Picha ya pikseli haina bahati hiyo. Ikiwa siku moja utaingiza picha yenye upana wa pikseli 600 ndani ya nembo, itachapika vizuri kwa upana wa takriban milimita 51 kwa kipimo cha pikseli 300 kwa inchi. Ukiikuza mara nne inabaki na pikseli 75 kwa inchi, na hakuna kitufe kitakachokuokoa.

Kuna ombi moja ambalo hukulitaja lakini litakuja, maana kila mwenye nembo hulileta: mstari wa pili wa kuizunguka nembo kwa nafasi iliyo sawa pande zote. Wengi hunakili umbo na kulikuza hadi asilimia 110. Kwa duara inakubali, kwa kuwa duara ni sawa pande zote. Kwa mstatili wako wa 30 kwa 12 unapata 33 kwa 13.2, yaani nafasi ya milimita 1.5 kushoto na kulia, lakini 0.6 tu juu na chini. Kukuza na kutanua ni mambo mawili mbalimbali. Kinachotakiwa hapo ni kutanua: nakili umbo, bonyeza Ctrl+J, na utapata kishikio kimoja ambacho ukikivuta kinausogeza mstari wote nje au ndani kwa umbali uleule kila mahali.

Kwa saizi zako tatu, usitengeneze nakala tatu za kawaida. Chagua kundi la nembo na ubonyeze Alt+D, upate nakala tegemezi, ambayo unaweza kuipa ukubwa wake huku ikiendelea kufuata sura ya asili. Ukibadili rangi ya duara la asili, ya nakala nayo inabadilika papo hapo. Wazo hili lina umri mkubwa kuliko programu zote nilizozitaja: Ivan Sutherland alilionyesha mwaka 1963 katika Sketchpad, programu aliyoitengeneza katika chuo cha MIT cha Marekani, ambayo mtu aliichorea kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja kwenye kioo, na ndani yake mchoro mmoja mkuu uliweza kuzaa nakala za saizi na mielekeo tofauti zinazoufuata. Nakala ya bango iwe tegemezi bila wasiwasi. Ile ya milimita 15, hapana.

Sababu ni kwamba hesabu sahihi haitoshi pale chini. Maneno yako ya pointi 14 yakifika robo ni ya pointi 3.5, ambayo hakuna atakayeyasoma kwenye karatasi ya barua, na kama una mstari wowote wa ndani wa milimita 0.3 utakuwa na milimita 0.075, chini ya robo ya pointi ambayo wachapishaji wengi huihesabu kuwa kikomo cha wembamba. Wachongaji wa herufi za risasi walilijua hili: kila saizi waliichonga kivyake, na zile ndogo walizipa matundu mapana na mihimili minene kiasi. Fanya vivyo hivyo. Bonyeza Alt+Shift+D ili nakala ndogo ikate uhusiano na ya asili, ondoa maneno, ukuze mstatili uchukue nafasi yao, punguza viringo la pembe kwa kishikio chake hadi uone pande zilizonyooka, na uuache ukingo wa duara uwe kama milimita 1 badala ya 0.75. Kihesabu hiyo si nembo ileile. Machoni itakuwa ileile, na wanaoitazama wanatumia macho.

Mwisho ni safari ya faili kwenda kwa mchapishaji, ambako saizi huweza kubadilika bila mtu kugusa kitu. Inkscape ya kabla ya toleo 0.92 ilihesabu vizio 90 katika inchi moja, na kuanzia toleo hilo inahesabu 96. Faili ya zamani ikisomwa kwa hesabu mpya, kilichokuwa milimita 60 huwa 56.25, na ndiyo maana programu hukuuliza swali unapoifungua. Zipo pia programu zinazohesabu 72, ambazo 60 yako huisoma kuwa 80. Kwa hiyo usimpelekee SVG pekee. Nakili faili, katika nakala hiyo geuza kingo ziwe maumbo kamili kwa Ctrl+Alt+C na maneno yawe njia kwa Ctrl+Shift+C, ili unene usitegemee tena vitufe vya mtu mwingine wala fonti zilizomo kwenye kompyuta yake, hifadhi kama PDF, na umwandikie pembeni kipimo cha kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, milimita 15 kwa moja na 240 kwa nyingine, ili alinganishe kabla hajachapa.